Barua ya wazi kwa wajumbe wa bodi za zabuni: vifaa tiba haviishi Juni 30

Kwa: Wenyeviti na wajumbe wa bodi za zabuni za hospitali na halmashauri
Nakala: Maafisa masuuli, waganga wafawidhi, vitengo vya usimamizi wa ununuzi

Ndugu wajumbe,

YAH: BEI, HARAKA NA UBORA KATIKA UNUNUZI WA VIFAA TIBA



Mimi ni fundi sanifu wa vifaa tiba katika hospitali ya wilaya. Kazi yangu huanza pale yenu inapoishia. Mkataba ukishasainiwa, gari la mzabuni likishashusha maboksi, mgeni rasmi akishakata utepe na kuondoka, mashine hubaki na mimi, muuguzi na mgonjwa. Nawaandikia kwa heshima, maana najua mnakaa vikao virefu huku mkaguzi akiwa nyuma yenu na madiwani mbele yenu. Siandiki kuhusu rushwa. Hiyo ina vyombo vyake. Naandika kuhusu ununuzi uliofuata kila kanuni, ukapita ukaguzi, halmashauri ikapata hati safi, na bado kabla ya mwaka wa pili kuisha mashine ikawa imefunikwa shuka na kusukumwa pembeni.

Kila anayenunua teknolojia hutaka iwe bora, ifike haraka, na iwe ya bei nafuu. Wanaouza wanajua kwamba viwili kati ya hivyo hupatikana, na cha tatu lazima mtu akilipie. Methali zetu hazituvushi hapa. Anayesema haraka haraka haina baraka hajakaa wodini na mtoto mwenye nimonia anayesubiri oksijeni. Anayejibu kwamba ngoja ngoja yaumiza matumbo hajapokea mashine iliyonunuliwa wiki ya mwisho ya Juni. Kuna kuchagua tu, na kuchagua huko hufanyika katika kila kikao chenu, hata pale ambapo hakuna aliyekutaja.

Shida ni kwamba washindani hawa watatu hawana nguvu sawa. Haraka ina tarehe: Juni 30, siku mwaka wa fedha unapofungwa na fedha isiyotumika inapoanza kuulizwa na Hazina. Bei ina tarakimu: inasomwa siku ya ufunguzi, inakaa kwenye mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST, mkaguzi anaiona na diwani anaiuliza. Ubora hauna tarehe wala tarakimu. Kwenye hati zetu nyingi umeandikwa kwa maneno kama "imara", "ya kisasa" na "yenye kiwango kinachokubalika". Neno "imara" likiwekwa mezani na tarehe upande mmoja na tarakimu upande wa pili, halina wa kulitetea. Kwa hiyo ubora ndio unaokatwa, na unakatwa bila mjumbe yeyote kunyoosha mkono kuupigia kura.

Nianze na ubora: niwaonyeshe unakaa wapi katika kifaa kimoja. Chukueni mashine ndogo ya kuzalisha oksijeni, ile ya magurudumu inayosimama pembeni ya kitanda katika wodi ya watoto. Inanyonya hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21, inaikandamiza kwa kompresa na kuipitisha kwa zamu katika mitungi miwili iliyojazwa chembechembe za zeolaiti. Zeolaiti inanasa naitrojeni, oksijeni inapita. Mashine nzima hutoa gesi yenye oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Ikishuka chini ya 82, kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani haifai tena kwa mgonjwa.

Adui wa zeolaiti ni unyevunyevu. Adui wa kompresa ni vumbi na joto. Kichungi kikiziba, kompresa inachemka. Unyevu ukiingia, zeolaiti inachoka na naitrojeni inaanza kupita pamoja na oksijeni. Mashine ikifika hapo haizimi. Inaendelea kunguruma kama jana. Kigoroli cha kupimia mtiririko kinaelea palepale kwenye lita 5, mapovu yanapanda kwenye chupa ya maji, mama anatulia kwa kuwa mwanawe "amewekewa hewa". Gesi inayomfikia mtoto inaweza kuwa na oksijeni ya asilimia 60, au 50. Hakuna jicho wala sikio linaloweza kutambua. Kinachotambua ni kihisi cha oksijeni kilichofungwa ndani ya mashine, chenye taa na king'ora, au kipimo cha mkononi ambacho hospitali nyingi hazina.

Sasa rudini kwenye hati ya zabuni. Mara nyingi nimekuta mstari mmoja: mashine ya oksijeni, lita 5, yenye magurudumu. Kwa mstari huo, mashine yenye kihisi na isiyo nacho ni kitu kimoja. Iliyotengenezwa kuhimili joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 95 haina tofauti na ile iliyokusudiwa sebule yenye kiyoyozi. Inayovumilia umeme unaopanda na kushuka ni sawa na inayoungua bodi siku ya kwanza umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika. Zikishalingana kwenye maandishi, kinachobaki kuzitenganisha ni bei, na isiyo na kihisi itashinda kila mara. Mzabuni hakudanganya mtu. Aliulizwa swali, akatoa jibu la bei ndogo kuliko wote.

Na swali zuri halihitaji mshauri mwelekezi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwaka 2019 vigezo vya kiufundi vya vifaa vya oksijeni, na vinapatikana bure. Vinataja joto, unyevu, mwinuko kutoka usawa wa bahari, king'ora, vichungi, vipuri vya kuletwa pamoja na mashine, hata lugha ya kitabu cha maelekezo. Kuvinakili ni kazi ya asubuhi moja. Badala yake, kuna vigezo vinavyonakiliwa kutoka kwenye kipeperushi cha mzabuni mmoja, na wengine wote wakiomba tunawaona wameshindwa kukidhi.

Jambo la pili ni bei. Sipingi bei nafuu. Fedha ni ya wananchi na kila shilingi ina kazi nyingine inayoisubiri. Ninachopinga ni kuipima kwa siku moja. Mfugaji wa huku kwetu hanunui ng'ombe kwa kuangalia bei ya mnadani peke yake; anauliza anakula nini, maji atayapata wapi, na ameshazaa mara ngapi. Mashine ya maabara nayo inakula, na chakula chake ni vitendanishi.

Tufanye hesabu ya mfano, tarakimu ni zangu za kukokotolea. Mnanunua mashine ya kupima picha nzima ya damu. Mzabuni wa kwanza anauza kwa shilingi milioni 12, na kila kipimo kitakula vitendanishi vya shilingi 6,500. Wa pili anauza kwa milioni 30, na kipimo kinakula shilingi 4,000. Siku ya ufunguzi wa kwanza ni nafuu kwa milioni 18, na hakuna mjumbe atakayethubutu kumtetea wa pili. Hospitali inapima wagonjwa 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: vipimo 12,000. Kwa miaka 5 ni vipimo 60,000. Vitendanishi vya mashine ya kwanza vitakuwa milioni 390, jumla na bei yake milioni 402. Vya mashine ya pili ni milioni 240, jumla milioni 270. Mliookoa milioni 18 mmetumia milioni 132 zaidi, na hakuna mkaguzi atakayezihoji, kwa sababu zilitoka kidogokidogo kwenye fungu jingine.

Kuna pia mashine za mfumo funge, ambazo hazikubali kitendanishi cha mtu mwingine. Chupa ina alama au chipu ambayo mashine huisoma, ikiikosa, inagoma. Mashine ya namna hiyo inaweza kuuzwa kwa bei ya kutupa, au kuletwa kama msaada, kwa kuwa faida ya muuzaji iko kwenye chupa. Sisemi mfumo funge ni mbaya kila wakati. Ukiwa na mkataba mzuri, muuzaji akabeba matengenezo yote na bei ya kipimo ikafungwa kwa miaka, unaweza kuwa nafuu. Lakini huo ni uamuzi wa kufanywa kikaoni, kwa tarakimu. Usiwe habari anayoletewa mtaalamu wa maabara siku chupa ya kwanza inapoisha.

Jambo la tatu ni haraka, na hapa nataka kuwa mwadilifu. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, na Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua jijini Dodoma mpango wa kuutumia. Ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000, mitambo ya oksijeni, magari ya wagonjwa, mashine za eksirei na za CT-Scan, vyote vikikimbizana na mwisho wa mwaka uleule wa fedha. Kwa oksijeni haraka ile ilikuwa halali. Watu walikuwa wanakufa kwa kukosa hewa, na mtambo wa bei ya juu unaofika wiki hii ni bora kuliko wa bei nafuu unaofika baada ya mazishi. CT-Scan ni jambo jingine. Inataka chumba chenye kuta za kuzuia mionzi, umeme wa fezi tatu usioyumba, kiyoyozi cha saa 24, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, na mtaalamu wa kusoma picha. Kasi ya kuisafirisha mashine haipunguzi hata siku moja katika kuvikamilisha vitu hivyo. Kuviweka vifaa viwili vya namna hii kwenye saa moja ni kukubali kwamba saa yenyewe haikutokana na mgonjwa.

Haraka nyingi tunazoziita za dharura chanzo chake ni kalenda yetu wenyewe. Mahitaji yanajulikana Julai. Mpango wa ununuzi wa mwaka upo. Maombi yanazunguka ofisini, fedha inachelewa kushuka, Aprili inaingia, na ghafla kila kitu ni cha haraka. Wiki sita za mwisho ndizo zinazoamua vifaa tutakavyoishi navyo miaka kumi. Muuzaji naye ana kalenda. Anajua Mei hatuna muda wa kukataa, kwa hiyo anatuletea kilichopo ghalani.

Jirani zetu wa Kenya walitupa somo kubwa kuhusu haya. Februari 2015 serikali yao iliingia mikataba ya kukodi vifaa tiba kwa hospitali 98: mbili kwa kila kaunti kati ya kaunti 47, na nne za kitaifa. Vilikuwemo vifaa vya upasuaji, vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, vya wagonjwa mahututi na vya picha za mionzi. Gharama iliyotajwa mwanzoni ilikuwa takribani shilingi bilioni 38 za Kenya kwa miaka 7. Vifaa havikuwa takataka. General Electric ya Marekani ilikuwa miongoni mwa wauzaji. Havikuchelewa sana pia. Na tuseme kweli, ziko kaunti ambazo wagonjwa wa figo walipata huduma karibu na nyumbani kwa mara ya kwanza.

Ila kila kaunti ilikatwa kiasi kilekile, kubwa au ndogo, ikivitumia vifaa au isivitumie: shilingi milioni 95 kwa mwaka mwanzoni, na kufikia mwaka wa fedha 2018/19 milioni 200. Kamati maalumu ya Seneti ilitoa ripoti yake mwaka 2020 kwa maneno makali. Ilionekana kwamba ziko hospitali ambako vifaa vilikaa bila kazi kwa kukosa umeme wa kutosha, maji, jengo au mtaalamu, huku kodi yake ikiendelea kulipwa. Fikirini kifaa cha kusafisha damu peke yake. Kinapitisha nusu lita ya maji yaliyosafishwa kila dakika. Mgonjwa mmoja akilazwa kwa saa nne amekwishatumia lita 120, na maji hayo hayawezi kutoka bombani moja kwa moja. Yanahitaji mtambo wake wa kuyachuja. Hospitali inayopata maji siku mbili kwa wiki ikiletewa kifaa bora kuliko vyote duniani, bado haina huduma ya figo.

Somo la Kenya ninalolichukua ni hili: ubora hauko ndani ya boksi. Chumba, umeme, maji, vitendanishi na mtu anayejua kuitumia ni sehemu ya mashine kama ilivyo kompresa yake. Kenya walipata haraka, wakapata majina makubwa, na bei ikawaelemea. Sisi mara nyingi tunapata haraka, tunapata bei ndogo, na huduma ndiyo inayokosekana. Njia ni mbili, na zote zinaishia kwa mgonjwa anayeambiwa aende hospitali nyingine.

Wala tatizo hili si la nchi moja. Watafiti wawili, Perry na Malkin, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Utafiti mwingine wa miaka hiyohiyo, uliomhusisha Malkin tena, ulifuatilia vifaa vilivyoharibika katika hospitali za nchi maskini na kukuta kwamba zaidi ya theluthi mbili viliweza kurudishwa kazini bila kuagiza kipuri kutoka nje. Vilihitaji fyuzi, plagi, usafi, betri, na mtu aliyeelekezwa. Sisi mafundi tunalijua hilo kwa mikono. Mashine nyingi zilizofunikwa shuka hazijafa. Hazikuwekewa fungu la kichungi cha bei ya soda.

Nisieleweke vibaya. Sidai kila kitu kinunuliwe kwa bei ya juu na kwa mwendo wa kinyonga. Viko vifaa ambavyo bei ndogo ndiyo busara: vitanda vya kawaida, troli, mizani ya watu wazima, vipimajoto. Kikivunjika kimoja, chukua kingine, hakuna aliyekufa. Viko ambavyo haraka itangulie, kama nilivyosema kuhusu oksijeni wakati wa mlipuko. Na viko ambavyo ubora hauna mjadala. Jokofu la damu ni mfano. Damu hukaa kati ya nyuzi 2 na 6 za sentigredi. Jokofu la nyumbani, ambalo huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya lile la damu, lina baridi kali nyuma na joto mlangoni, halina king'ora wala chati ya kumbukumbu. Chupa iliyosukumwa ukutani inaweza kuganda, na chembe nyekundu zikishaganda zinapasuka. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hatapata nafasi ya kulalamika kwamba bodi iliokoa fedha.

Najua mtanijibu kwa sheria. Mtasema mjumbe akimpitisha mwenye bei ya juu atajieleza kwa mkaguzi, na mwenye bei ya chini atakata rufaa. Hofu hiyo naielewa, lakini sheria siyo iliyoileta. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazungumza kuhusu thamani halisi ya fedha, na utaratibu wetu wa miaka mingi umekuwa kulinganisha gharama iliyotathminiwa, siyo tarakimu iliyosomwa siku ya ufunguzi. Kinachotakiwa ni kigezo kiandikwe kwenye hati kabla, kila mzabuni akijue, na tathmini ikifuate. Vitendanishi vya miaka 5 vikitajwa kama sehemu ya bei ya kushindania, mjumbe hana cha kujieleza. Amehesabu alichosema atahesabu. Anayekosa kujitetea ni yule aliyeandika "imara" akategemea wenzake wataelewa.

Kwa hiyo naomba mambo matano, yote yako ndani ya uwezo wenu bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Kwanza, kila ombi la kifaa cha kitaalamu lije na karatasi moja inayosema wazi kati ya bei, haraka na ubora kipi kinatangulia, kipi kinapunguzwa, na kwa nini. Isainiwe na idara tumizi na iingie kwenye kumbukumbu za kikao. Tukiamua kupunguza ubora, iwe kwa saini.

Pili, bei ya kulinganisha iwe ya miaka, angalau mitano: mashine, vitendanishi, vichungi, betri, matengenezo, mafunzo na umeme. Mzabuni aijaze mwenyewe na imfunge kimkataba. Atakayeshusha bei ya mashine ili apandishe ya chupa ataonekana kwenye jedwali lilelile.

Tatu, chumba kitangulie boksi. Kabla mkataba haujasainiwa, mganga mfawidhi, mtumiaji na fundi watembelee chumba chenyewe, wapime umeme, waangalie maji, mlango, njia ya kuingizia mzigo na vibali vinavyohitajika. Kisipokuwa tayari, ununuzi usubiri na fedha ihamishiwe kitu kilicho tayari, hata kama ni Juni.

Nne, malipo ya mwisho yategemee kazi, siyo mapokezi. Kamati ya ukaguzi na mapokezi leo inahesabu maboksi na kulinganisha namba. Sehemu ya malipo ishikiliwe mpaka mashine ifungwe, watumiaji wa zamu zote wafundishwe, na ifanye kazi miezi kadhaa mkiwa na taarifa ya utendaji mkononi. Hapo ndipo ubora utakapopata tarehe na tarakimu kama wenzake. Mzabuni mzuri hataogopa, na asiye mzuri ataacha kuomba.

Tano, fundi aingie mapema. Tuiteni wakati vigezo vinaandikwa na tathmini inafanyika. Siku hizi tunaitwa mashine ikishazima, na hapo hakuna cha kushauri. Wilaya isiyo na fundi iombe wa mkoa. Siku mbili za posho yake ni ndogo kuliko kosa moja la fezi tatu.

Na kwa vile dharura za kweli zitakuja, haraka nayo inaweza kununuliwa mapema. Vifaa tunavyojua vitahitajika kwa ghafla, bei na vigezo vyake vikubaliwe na wazabuni mwanzoni mwa mwaka, ili siku ya mlipuko kazi iwe kutoa oda tu. Anayejiandaa Julai hanyonywi Mei.

Nafahamu shinikizo lililo juu yenu. Mwanasiasa anataka kuzindua, na kichungi hakizinduliwi. Mkataba wa matengenezo hauna utepe wa kukata. Mashine tatu mpya zinapendeza kwenye picha kuliko moja yenye vipuri vya miaka mitano. Lakini mwananchi anayelipia bima au anayetoa fedha taslimu dirishani ananunua majibu ya kipimo, na kama hayapo, hata mashine kumi ni samani.

Sitarajii mbadilike katika kila zabuni kwa mkupuo. Chagueni kifaa kimoja tu katika mpango wa ununuzi wa mwaka ujao, cha bei kubwa kuliko vyote, mkinunue kwa utaratibu huu wa mambo matano. Baada ya miezi 12 agizeni taarifa mbili: imefanya kazi siku ngapi, na kila kipimo kimegharimu kiasi gani. Zilinganisheni na za kifaa kilichonunuliwa kwa utaratibu wa zamani, kisha zisomwe mbele ya baraza la madiwani kama zinavyosomwa bei siku ya ufunguzi. Mkiona utaratibu wangu umewatia hasara, niiteni kikaoni nijibu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu wa vifaa tiba,
Hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa